Kinachofuata Baada ya "Njema"

Mswahili akiulizwa habari za nyumbani hujibu "njema" hata kama usiku kucha hakupata usingizi. Huo si uongo, ni adabu. Salamu hufunguliwa kwa neno jema, na habari yenyewe huja nyuma yake ikitanguliwa na neno fupi: ila. Njema, ila mama amelazwa. Njema, ila kazini wamepunguza watu. Salama tu, ila huyu mtoto wa kidato cha pili ananipa mawazo. Mwenye haraka huondoka na "njema" yake. Mwenye subira huondoka na habari.

Muuguzi wa kliniki, mwalimu wa unasihi, afisa utumishi na mtafiti mwenye kishikwambi wote hukutana na jambo hili wanapotaka kujua watu wanavyobeba msongo wa mawazo. Huuliza, wakapewa kwanza jibu la adabu. Hata wanapoifikia ile "ila", mara nyingi huandika nusu tu ya habari, yaani kilichompata mtu. Nusu ya pili ni kile anachokifanya mtu huyo na mzigo wake tangu alfajiri hadi anapolala, na kama kitendo hicho kinampunguzia au kinamwongezea. Hiyo ndiyo nusu yenye faida kwa anayetaka kubadilisha kitu, na mtu anaweza kuipima mwenyewe kwa daftari la shule na kalamu.

Mazoea ya kuhesabu mzigo peke yake yana umri mkubwa. Mwaka 1967 Thomas Holmes na Richard Rahe wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, walichapisha orodha ya matukio 43 ya maisha, kila tukio na alama zake. Waliwaomba watu 394 walipime kila tukio kwa kulilinganisha na ndoa. Kufiwa na mume au mke kukapata alama 100, talaka 73, kufungwa jela 63, kufiwa na ndugu wa karibu 63, ndoa yenyewe 50, kuachishwa kazi 47, kutoelewana na wakwe 29, Krismasi 12. Mtu alijumlisha yaliyompata ndani ya mwaka, na jumla ikipita 300 alihesabiwa kuwa katika hatari kubwa ya kuugua. Baadaye Rahe aliwafuatilia mabaharia zaidi ya 2,000 wa jeshi la Marekani safarini. Waliokuwa na alama nyingi waliugua zaidi kuliko wenzao, lakini tofauti ilikuwa ndogo sana. Wawili wenye jumla ileile, mmoja aliugua na mwenzake akamaliza safari mzima.

Mtu yeyote wa pwani au bara anaweza kueleza kwa nini. Alama 63 za kufiwa na ndugu wa karibu ni zilezile kwa yule aliyekaliwa matanga na mtaa mzima, watu wakapika, wakalala ukumbini, wakamshika mkono hadi makaburini, na kwa yule aliyepokea taarifa kwa simu akiwa kazini Doha, akafuta machozi na kurudi zamu. Kilichowapata ni kimoja. Walichoweza kufanya nacho hakifanani hata kidogo.

Sheldon Cohen na wenzake wawili, Tom Kamarck na Robin Mermelstein, waligeuza swali mwaka 1983. Badala ya kuuliza nini kimetokea, waliuliza mtu anauonaje uzito wa mwezi uliopita: ni mara ngapi ameona mambo yanamzidi, ni mara ngapi ameona anayamudu. Toleo linalotumika zaidi leo lina maswali kumi, kila moja likijibiwa kwa 0 hadi 4, hivyo jumla huwa kati ya 0 na 40. Wanaojipima wenyewe huteleza sehemu moja hasa. Maswali manne kati ya hayo kumi yanauliza mambo mazuri, na alama zake lazima zigeuzwe kabla ya kujumlisha: 4 inakuwa 0, 3 inakuwa 1. Asiyegeuza hupata namba isiyo na maana yoyote. Kipimo hiki hakikutungwa kutambua ugonjwa, wala hakina mstari wa kusema huyu mzima na huyu mgonjwa. Faida yake kubwa ni kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe, Machi na Juni, kabla ya kuhama kazi na baada ya kuhama.

Kipimo cha Cohen kinaonyesha uzito. Hakionyeshi mbebaji anatembeaje nao.

Waliolishughulikia hilo kwa makini ni Richard Lazarus na Susan Folkman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 1980 waliwafuatilia watu 100 wenye umri wa miaka 45 hadi 64 kwa mwaka mzima, wakikusanya visa 1,332 vya mambo yaliyowasumbua na walichokifanya katika kila kisa. Waligawa vitendo katika mafungu mawili. Kuna kulishughulikia tatizo lenyewe, kama kupanga, kutafuta taarifa au kwenda kuongea na mhusika. Na kuna kuushughulikia moyo, kama kutafuta wa kumliwaza, kujipumzisha, kukubali au kusahau kwa muda. Ungedhani watu wangegawanyika, hawa watendaji na wale waliaji. Haikuwa hivyo. Katika zaidi ya asilimia 98 ya visa, mtu yuleyule alitumia mafungu yote mawili kwa jambo lilelile. Mambo ya kazini yalivuta zaidi vitendo vya kulishughulikia tatizo, na mambo ya maradhi yakavuta zaidi vya kuutuliza moyo.

Hapo ndipo inapovunjika desturi ya kuwagawa watu kuwa "wenye roho ngumu" na "wenye roho nyepesi". Mzazi anayemwambia bintiye kwamba yeye hana uvumilivu kama dada yake amepima kitu ambacho hakipo. Kilichopo ni kitendo fulani, siku fulani, mbele ya mzigo fulani.

Charles Carver, aliyekuwa mwanasaikolojia katika Chuo Kikuu cha Miami, aliviorodhesha vitendo hivyo kwa upana zaidi. Dodoso lake fupi la mwaka 1997 lina maswali 28, mawilimawili kwa kila kitendo, na vitendo ni 14: kuchukua hatua, kupanga, kuomba msaada wa hali, kuomba faraja, kuutazama upande wenye heri, kukubali, mzaha, dini, kutoa ya moyoni, kujisahaulisha kwa shughuli nyingine, kukana kwamba jambo limetokea, kutumia kileo au dawa, kukata tamaa na kuacha kujaribu, na kujilaumu. Carver alisisitiza jambo ambalo wengi wanaolitumia dodoso lake hulipuuza: halina jumla. Hakuna alama moja ya "uwezo wa kukabiliana". Ukijumlisha sala, pombe, mipango na lawama, namba inayotoka haimwelezi mtu yeyote. Ripoti ya ofisi inayotaja namba moja ya namna wafanyakazi wake wanavyomudu msongo inastahili kurudishwa kwa aliyeiandika, iletwe upya ikiwa na vitendo vyake kimoja kimoja.

Mfikirie mama lishe wa Buguruni, Dar es Salaam. Ana mizigo miwili. Wa kwanza ni marejesho ya kikundi kila Ijumaa, na wiki mbili zilizopita hakutimiza. Wa pili ni kisukari cha mumewe, ugonjwa wa kuishi nao. Kwa marejesho amekaa kimya, anazima simu katibu akipiga, anajipa moyo kwamba Mungu atafungua njia. Kwa kisukari anahangaika kama mtu anayezima moto: leo mganga huyu, kesho dawa ya mizizi kutoka kwa yule, akitafuta siku ambayo ugonjwa utakwisha kabisa. Ukimpa dodoso bila kutenganisha mizigo, ataonekana vizuri tu, maana anapanga, anatenda, anasali, anajituliza. Ukitenganisha, unaona vitendo vimepishana na mizigo. Deni ndilo linalongoja hatua: kwenda kwa mwenyekiti kabla ya Ijumaa, kuomba marejesho yagawanywe. Ugonjwa unahitaji hatua pia, dawa na kliniki, ila zaidi unahitaji kukubaliwa ili nguvu na fedha zisiishie kwenye kukimbizana nao.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza wa vitendo ni huu: asipime mtu anavyoishi na "maisha". Apime anavyoishi na mzigo mmoja uliotajwa kwa jina.

Kuna neno linalostahili kuangaliwa peke yake, nalo ni jikaze. Huambiwa mwanamume msibani, mjamzito leba, mwanafunzi aliyeachwa mbali na kwao. Kujikaza ni kitendo halisi na kina saa zake. Dereva wa basi anayepokea habari mbaya akiwa Segera na abiria zaidi ya 50 nyuma yake anapaswa kujikaza hadi atakapoegesha. Kasoro huanza pale kujikaza kunapochukuliwa kuwa kipimo cha utu, mtu akasifiwa kwa kutolia na hakuna anayemuuliza wiki tatu baadaye analalaje. Sala nayo haipimwi kwa kuuliza kama mtu anasali au hasali. Swali lenye manufaa ni anachokifanya akishainuka kwenye mswala au akitoka kanisani. Kuna anayesali akapata utulivu wa kwenda kuongea na mwenye nyumba, na kuna anayesali ili asiende. Wote wawili wataweka alama ileile mbele ya neno "dini", na ni yeye mwenyewe tu anayeweza kujua yuko upande gani.

Baada ya maneno huja mwili, na wengi huamini kwamba mwili hausemi uongo. Ni kweli kwa kiasi, ila una namna yake ya kupotosha. Robert Sapolsky, Mmarekani aliyeanza kuwafuatilia nyani wa Masai Mara mwishoni mwa miaka ya 1970, alitaka kupima katika damu yao kotisoli, homoni inayotolewa na tezi za juu ya figo mwili unapohisi hatari. Ilimbidi ajiwekee masharti magumu. Sindano ya usingizi irushwe saa zilezile kila siku. Nyani asimwone anayerusha. Asiwe ametoka kupigana wala kujamiiana siku hiyo. Na damu itolewe haraka, kabla usumbufu wa sindano yenyewe haujaonekana ndani yake. Bila hayo angekuwa anapima hofu ya kupimwa.

Amboseli, ambako nyani wamefuatiliwa tangu mwaka 1971 katika mradi ulioanzishwa na Jeanne Altmann, watafiti walipata njia ya upole zaidi: kuokota kinyesi. Mwaka 2011 Laurence Gesquiere na wenzake walichapisha matokeo ya madume 125 yaliyofuatiliwa kwa miaka tisa. Wengi walitarajia dume mkuu awe ndiye mwenye raha. Wakakuta homoni za msongo ziko juu kwake kuliko kwa dume wa cheo cha pili, maana yule mkuu hutumia nguvu nyingi kupigana na kulinda majike. Binadamu si nyani, lakini tahadhari inabaki. Mwenyekiti wa kikundi, mkuu wa shule na kaka mkubwa anayelipia ukoo mzima ndio ambao hakuna anayefikiri kuwauliza.

Kwa binadamu kotisoli hupimwa kwenye mate, damu, hata nywele, ambazo hukua kama sentimita moja kwa mwezi na hivyo kuhifadhi kumbukumbu ya miezi iliyopita. Huko Trier, Ujerumani, mwaka 1993 watafiti walitunga jaribio ambalo bado linatumika: mtu anatoa hotuba ya dakika tano mbele ya jopo lisilotabasamu, kisha kwa dakika tano nyingine anatoa 13 kutoka 1022 kwa sauti, na akikosea anaanza upya. Kotisoli kwenye mate ilipanda mara mbili hadi nne. Lakini homoni hii hupanda kila asubuhi hata kwa mtu mwenye furaha, ikafikia kilele kama nusu saa baada ya kuamka, kisha hushuka hadi usiku. Sampuli moja iliyochukuliwa mchana haielezi kitu, na mtu wa kawaida hana sababu ya kuilipia.

Kilicho karibu zaidi ni kipimo cha presha, na hapa lugha yenyewe inahitaji uangalifu. Kwa Kiswahili cha mtaani "kupata presha" ni kushtuka, na "presha" ni maradhi ya shinikizo la damu. Hayo ni mambo mawili. Shinikizo la damu humpata hata mtu asiye na mawazo yoyote, tena bila dalili, na anayeacha dawa kwa sababu "siku hizi hana stresi" anajiweka hatarini. Presha ipimwe kwa ajili ya moyo na mishipa: mtu akae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, asubirie vipimo viwili. Anayetaka kuufuatilia msongo kupitia mwili atapata habari nyingi zaidi kwa kuandika saa aliyolala, saa aliyoamka, na mara alizozinduka usiku.

Maneno yanayotumika kuuliza yana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha matokeo ya kulijaribu kwa Kiswahili dodoso la dalili 25, lililotungwa Marekani, miongoni mwa wajawazito wenye VVU jijini Dar es Salaam. Kila dalili hupewa alama 1 hadi 4, na kwingineko wastani wa 1.75 ndio uliozoeleka kama mstari wa kumtambua anayehitaji msaada. Dar es Salaam mstari uliofaa zaidi ulikuwa 1.06. Maana yake, mwanamke aliyekuwa akiteseka kweli alijibu kwa namba ndogo, karibu na ya chini kabisa. Zipo sababu nyingi zinazoweza kuleta hilo, lakini asikiaye salamu za Kiswahili kila siku hawezi kuacha kufikiria ile "njema" ya mwanzo. Mhudumu ambaye angetumia mstari wa kigeni angewarudisha nyumbani wengi wao.

Zimbabwe walianzia upande wa pili, kwenye neno la watu wenyewe. Kwa Kishona kuna neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, pacha wa "kuwa na mawazo" kwa Kiswahili. Maneno ya namna hiyo yaliingia kwenye dodoso la maswali 14 ya ndiyo au hapana, lililotungwa na Vikram Patel na wenzake katika miaka ya 1990 kutokana na jinsi wagonjwa wa Harare walivyojieleza. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi 14 wa kitongoji cha Mbare, watu wazima wanaoheshimika mtaani, kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi huuliza yale maswali 14, kisha husikiliza, kisha mgonjwa anachagua tatizo moja na kupanga nalo hatua moja ya wiki hiyo. Matokeo ya jaribio kubwa yalitoka mwaka 2016. Watu 573 walioanza na alama 9 au zaidi waligawanywa. Baada ya miezi sita waliokaa benchini walikuwa na wastani wa 3.81, na waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo walibaki na 8.90. Wazo hilo limefika hadi Zanzibar.

Kinachovutia katika benchi lile ni kwamba kupima na kusaidia vimekaa mahali pamoja. Namba inaingia kwenye mazungumzo dakika ileile inapopatikana.

Mtu binafsi anaweza kujitengenezea kitu kinachofanana, kwa wiki nne. Siku ya kwanza ajibu yale maswali kumi ya Cohen na kuiandika jumla na tarehe. Kisha kila jioni, kabla ya kushika simu kwa mara ya mwisho, aandike mzigo wa siku hiyo kwa sentensi moja, uzito wake kati ya 0 na 10, na alichokifanya nao. Alichokifanya kiandikwe kwa kitendo kinachoonekana. "Nilisikitika" haitoshi, "nilikaa kibarazani peke yangu hadi saa nne" inatosha, na "nilimpigia dada" inatosha. Pembeni aweke duara kama jambo hilo linaweza kubadilishwa na mtu yeyote, na aache wazi kama haliwezi. Kisha aandike uzito tena kabla ya kulala.

Asubuhi inayofuata aandike namba ya tatu: uzito wa mzigo uleule baada ya kulala nao. Wengi huiruka hii, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Vitendo vingi hushusha namba ya usiku. Bia tatu huishusha, video za simu hadi saa saba za usiku huishusha, na mkopo wa simu uliochukuliwa kulipa mkopo mwingine huishusha haraka kuliko vyote. Asubuhi namba inarudi, pengine imeongezeka. Kuna vitendo vingine vinavyopandisha namba ya usiku: kumwambia mwenye nyumba ukweli, kumfungulia mume au mke hesabu ya madeni, kwenda kupima. Usiku huo moyo unakwenda mbio. Asubuhi namba imeshuka na haipandi tena kufikia pale. Mtu asiyeandika ya asubuhi ataona kwamba kukwepa kunamsaidia na kusema kweli kunamuumiza, na kwa macho ya usiku atakuwa hajakosea.

Kwa nini kila jioni, na si mwisho wa mwezi mara moja? Kwa sababu kumbukumbu huchagua. Arthur Stone na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba watu walioulizwa papo hapo wanavyokabiliana na jambo, kisha wakaulizwa tena siku chache baadaye, walisahau vitendo walivyovitaja na kukumbuka vingine ambavyo hawakuwa wamevitaja. Mtu hukumbuka alivyopenda kujiona.

Siku za mwanzo zinaweza kuwa nzito. James Pennebaker na Sandra Beall waliwaomba wanafunzi wa chuo, katika utafiti wa mwaka 1986, waandike kuhusu mambo mazito ya maisha yao kwa dakika 15, siku nne mfululizo. Mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi, lakini katika miezi iliyofuata walioandika matukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi. Anayeona machozi yanamtoka siku ya tatu asidhani daftari limemharibu. Ila akiona mawazo ya kujidhuru au kutamani kufa, daftari liwekwe chini siku hiyohiyo na mtu aambiwe: ndugu, muuguzi wa kituo cha afya, daktari wa hospitali ya mkoa. Hali hiyo haingojei siku ya 28.

Mwisho wa wiki nne ajibu tena maswali kumi, kisha afungue kurasa na kuhesabu. Ni vitendo gani vilishusha namba ya asubuhi? Ni mizigo gani yenye duara ambayo kwa siku kumi na moja imejibiwa kwa kulala mapema? Ni ipi isiyo na duara ambayo bado inapiganwa? Halafu amwombe mmoja anayeishi naye, mke, rafiki wa chumba, mtoto aliyekomaa, ataje bila kusoma daftari mambo matatu anayoyaona yakifanyika siku nzito zinapofika. Majibu ya huyo na ya daftari yakitofautiana, mazungumzo yaanzie hapo.

Wanaopima wengine wana wajibu mzito zaidi. Mwajiri anayegawa dodoso lenye sehemu ya jina atapata "njema" za ofisi nzima. Majina yaondolewe, na atakayezisoma karatasi asiwe yule anayepanga nani apunguzwe. Maswali yasomwe kwanza na watu watano au sita wa kada mbalimbali, kila mmoja aeleze kwa maneno yake ameelewa nini. Mlinzi wa usiku na mhasibu hawaelewi "kulemewa" kwa namna moja. Swali la kutaka kufa likiwemo, kama lilivyo katika dodoso la maswali 20 la Shirika la Afya Duniani, awepo mtu aliyeandaliwa kulipokea jibu la "ndiyo" siku hiyo, kabla ya mtu huyo hajatoka mlangoni. Na kama hakuna kitu chochote kitakachobadilika baada ya majibu, si zamu, si likizo, si mtu wa kuongea naye, basi ni heri kutouliza hadi kiwepo.

Linabaki suala la lini kuanza. Mwezi mwepesi hautaonyesha kitu. Mwenye watoto shuleni aanze wiki ya kwanza ya Januari, ada na sare zikiwa mezani. Mkulima aanze ghala linapokaribia kuisha na mvua hazijanyesha. Mvuvi wa Pemba au Lamu aanze kusi inapovuma na vyombo vinalala pwani. Mfanyakazi wa Muscat aanze mwezi anaotakiwa kuamua kama anarudi nyumbani au anaongeza mkataba. Daftari liwekwe karibu na kitanda, kalamu ifungwe kwa uzi ili isipotee.